Mazishi Yatangulie, Harusi Zifuate

Pale Nyamongo, mtu akikuambia ana nyumba saba usimwonee wivu. Muulize kwanza ngapi zina mlango. Tangu dhahabu ipande bei na habari za kuhamishwa kupisha mgodi zianze kuzunguka, tumekuwa mafundi wa nyumba za tegesha. Unasimamisha kuta nne za tofali nyembamba, unatupia bati kuukuu juu, kisha unakaa mbali kama mwindaji, ukisubiri wathamini wapite, fidia ije, katapila livunje. Ndiyo nyumba pekee ambayo mwenyewe anaiombea ibomoke. Ukiingia ndani hukuti kitanda wala sufuria. Unakuta mbuzi wa jirani, naye anakushangaa umefuata nini.

Saida binti Swaleh alikuwa nayo moja, kitongoji cha Nyabikondo. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi wanaomsimulia wamemfanya malaika, na malaika hajengi tegesha.

Baba yake, mzee Swaleh, alikuwa fundi cherehani Mugumu, na babu yake ndiye aliyepanda kutoka Tanga na mkasi wake mfukoni. Saida hakuutaka mkasi. Alikuja Nyamongo na kamera moja ya video, enzi ambazo barabara ilikuwa vumbi na kila mwenye sururu alijiona tajiri wa kesho. Hakuifuata dhahabu. Alisema, "Mtu akipata dhahabu, kitu cha kwanza anachotaka ni kuonekana. Mimi nawafuata hao." Akafungua studio jirani na kijiwe cha bodaboda, akaning'iniza pazia lenye maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu Nyamongo aliyewahi kuyaona, na vijana wa maduarani, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, wakawa wanakuja kusimama mbele yake na matope miguuni, wakitabasamu kama watalii.

Nyuma ya pazia lile palikuwa na sanduku jeusi, ukubwa wa redio ya zamani, lenye diski mbili ndani. Lilikuwa limeungwa kwa waya na kompyuta zake, na kila alichopiga kilikwenda kulala humo: harusi, sherehe za kutahiriwa, ibada, mazishi. Mtu alipopoteza simu, au nyumba yake ilipovuja na albamu ikaoza, alikuja akasema, "Saida, nitolee ya mama." Saida alitoa. Kwa hiyo kwa namna fulani Nyamongo nzima ilikuwa imelala ndani ya sanduku lile, waliopo na waliokwenda, na wengi wetu hatukujua.

Aliyejua ni mdogo wake, Imrani, aliyekuwa anatengeneza kompyuta na mitandao ya kambi za watalii kule Mugumu. Siku moja alikuja kumsalimia, akalitazama sanduku, akatikisa kichwa.

"Dada, hili likiungua?"

"Lina diski mbili. Moja ikifa, nyingine ipo. Si wewe ulinifundisha?"

"Nilikufundisha diski kufa. Sikukufundisha nyumba kuungua. Hao ni mapacha wamebebwa mgongo mmoja. Mama akitumbukia shimoni utasema umebakiwa na wa pili?"

"Basi ninayo nakala nyingine Nyabikondo."

"Nyabikondo kwa nani?"

"Kwenye nyumba yangu."

Imrani akamgeukia. "Ile ya tegesha?"

"Mwizi gani ataingia tegesha? Anajua hamna kitu. Nimeitia diski kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalifukia kwenye kona."

Imrani alicheka mpaka akachuchumaa. "Ewe dada yangu! Umeficha akiba yako kwenye nyumba uliyoijenga ili ivunjwe?"

"Ikikaribia kuvunjwa watatangaza. Nitaitoa. Acha kunichekea kwangu."

Alipomaliza kucheka, Imrani akamweleza habari ya kuhifadhi mtandaoni. Sanduku lingekuwa linatuma nakala kidogo kidogo kwenye mitambo iliyo mbali sana, ambako moto wa Nyamongo haufiki, na siku ya balaa angeidai irudi. Saida hakupenda. Hawa watu wamenikabidhi wafu wao, alisema, halafu mimi niwapeleke kwa mtu nisiyemjua hata sura?

"Zinafungwa kwa nywila kabla hazijatoka hapa," Imrani akasema. "Huko zinafika kama mzigo ulioshonwa ndani ya gunia. Anayeutunza hajui kilichomo. Nywila unaijua wewe tu."

Akakubali, shingo upande. Kwa nywila akachagua jina la babu yao wa Tanga na mwaka aliofika Mugumu, kitu ambacho hata usingizini asingekisahau. Ndipo Imrani akauliza swali ambalo baadaye lilimkosesha Saida usingizi.

"Mtandao wa hapa unatambaa. Yote haya yatachukua miezi mingi. Nini kitangulie?"

Kwenye benchi la wateja alikuwa ameketi Ryoba, akisubiri picha za pasipoti. Huyu Ryoba ana karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na harusi yake ilikuwa habari ya wilaya: siku mbili za kula, kamera ya kuruka angani kutoka Mwanza, na wageni wa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari waliokuwa wanahutubia kwa Kiingereza mpaka ng'ombe wa kuchinjwa wakachoka kusubiri.

"Weka yangu mbele," Ryoba akasema. "Hamna filamu nzito kama ile."

"Mazishi yatangulie," Saida akamwambia Imrani. "Harusi zifuate."

"Kwa hiyo mimi mpaka nife ndiyo nipewe foleni ya mbele?"

"Bwana Ryoba, harusi mtu akitaka anarudia. Mazishi hayarudiwi."

"Na nitarudia kweli! Nitaongeza wa pili, uone."

"Ukiongeza niite. Nitakupunguzia."

Watu wakacheka, Ryoba naye akacheka, akachukua picha zake akaondoka. Sanduku likaanza kutuma. Taa yake ndogo ya kijani ikawa inapepesa nyuma ya maporomoko, mchana na usiku, na Saida akaisahau.

Kisha likaja tangazo la Nyabikondo. Kitongoji kilihitajika kwa ajili ya kumwaga kifusi cha mgodi, watu wahamie eneo jingine, nyumba zibomolewe baada ya mavuno. Na makaburi, tangazo likasema, yatafukuliwa na kuhamishwa kwa heshima, kila familia ikipewa kifuta machozi.

Lo! Hapo ndipo tulipojionyesha. Kitongoji ambacho watu wake walikuwa wanakufa kwa uvivu kikapata wafu wa haraka. Makaburi yakaota kama uyoga, yamesakafiwa vizuri, na misalaba iliyopakwa rangi nyeupe. Chini ya saruji kulikuwa na migomba. Marehemu mmoja mpendwa, ambaye jina lake lilichorwa kwa herufi nzuri kabisa, alionekana jioni hiyo hiyo akinunua mishikaki. Wathamini hawakuwa wajinga. Wakasema: kaburi lolote lisilojulikana ofisini lithibitishwe kwa picha au kwa shahidi asiye wa kitongoji, maana ninyi kwa ninyi mnashuhudiana hata uongo.

Na kwa kuwa tulikuwa hodari wa kudanganya, aliyeumia ni asiyedanganya. Alikuwepo bibi mmoja, Waisiko, mjane, mkulima wa mihogo. Mtoto wake wa pekee, Esta, alikufa kwa homa akiwa mdogo, miaka mingi kabla, akazikwa pembeni ya nyumba. Kaburi lake halikuwa na saruji wala msalaba. Lilikuwa na mawe matatu na mnyaa mmoja kichwani, ule mti wa maziwa meupe tunaoupanda uzio. Wathamini walilitazama wakapita. Kati ya makaburi yote ya upande ule, lililoonekana la uongo ni lile la kweli.

"Nyumba zinangoja mavuno, mama, lakini kwenye makaburi mashine inapita Jumatatu," mwenyekiti wa kitongoji akamwambia. "Bila uthibitisho sina la kufanya."

Waisiko akatembea mpaka studio. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika.

"Shikamoo, mama," Saida akasema, akamsogezea benchi.

"Marahaba, mwanangu. Unanikumbuka?"

Saida akamtazama.

"Ulikuwa umekuja kupiga picha sherehe ya jirani yangu. Mimi nina msiba, wao wana ngoma. Nikakufuata uani, nikakuambia, wewe mwenye kamera, mwangalie na huyu. Ukaja. Hukunidai kitu."

Saida akakumbuka. Ilikuwa miongoni mwa kazi zake za kwanza kabisa. Alikumbuka hasa jinsi jeneza lilivyokuwa dogo, hata akawa hajui kamera aishike vipi isionekane kama anatazama pembeni.

"Ipo, mama," akasema. "Umeme ukirudi nakutolea. Njoo kesho asubuhi."

"Wasije wakamwaga mawe juu yake."

"Hawatamwaga. Ipo."

Mchana huo Saida alikuwa na kazi ya harusi Turwa, mjini Tarime. Alikuwa katikati ya kupiga picha keki simu ilipoita. Pale kijiweni petroli inauzwa kwenye chupa za maji, zimepangwa juani kama soda, na mtu alikuwa amewasha sigara. Saida aliporudi, maduka manne yalikuwa majivu. Pazia la maporomoko lilikuwa limekwisha, na sanduku lilikuwa limeyeyuka likalala upande, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

Majirani walitaka kumshika, wakidhani ataanguka. Hakuanguka. "Ninayo Nyabikondo," akasema, akapanda bodaboda.

Hapa ndipo penye aibu yetu sote. Tangazo lilisema baada ya mavuno, na Saida alikuwa ameliamini. Lakini sisi, baada ya tangazo, hatukuacha kujenga. Kila kukicha nyumba zimeongezeka, nyingine udongo wake haujakauka. Viongozi wakachoka, wakaomba katapila lije mapema kwa upande wa tegesha, kabla kitongoji hakijawa jiji. Likaja siku ile ile, asubuhi. Saida alipofika palikuwa tambarare. Hakujua hata kona ya nyumba yake ilikuwa wapi. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono, hapa, kisha pale, na jirani mmoja aliyekuwa anaokota vipande vya bati akamuuliza kwa upole kabisa:

"Dada, umepoteza nini? Si ulitaka ivunjwe?"

Hakumjibu. Akakaa kwenye kifusi, akampigia mdogo wake.

"Imrani. Mazishi yamefika?"

"Nimesikia habari za moto. Umeungua wewe?"

"Mimi mzima. Mazishi yamefika?"

"Ngoja nifungue. Nywila."

Akamtajia jina la babu yao na mwaka. Kungoja huko kulikuwa kurefu kwa mtu aliyekaa juu ya nyumba yake.

"Yamefika," Imrani akasema. "Yote. Yalikuwa yanatumwa kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, na yale ya zamani kabisa yamemalizika majuzi tu. Harusi imefika moja, tena nusu."

"Ya Ryoba?"

"Si ya Ryoba."

"Mtafute mtoto anaitwa Esta. Mshushe huyo kwanza."

Mtandao wa Nyamongo usingeweza kumrudisha Esta kwa Jumatatu. Imrani akamshusha kule Mugumu, kwenye mtandao mzuri wanaowekewa watalii ili wawaonyeshe ndugu zao simba, akamtia kwenye diski, akapanda basi.

Kabla hajafika, Ryoba alikuja. Alimkuta Saida anapepeta majivu kwa chungio, anatafuta sijui nini.

"Pole," Ryoba akasema.

"Ahsante."

"Yangu?"

Saida akaweka chungio chini. "Haikufika, Bwana Ryoba. Niliweka mazishi mbele."

Alitegemea matusi, na Ryoba anayajua matusi. Lakini jamaa alisimama tu, anachezea funguo za gari.

"Unajua mzee wangu alicheza," akasema. "Hakuwahi kucheza mbele yetu. Tangu tuko wadogo, kazi yake ukali tu. Siku ile akaingia uwanjani, akavua koti. Mimi nilikuwa na wageni, sikumwangalia vizuri. Nikasema, si ipo kwenye video."

Mzee huyo alikuwa amefariki mwaka uliopita.

"Mazishi yake ninayo," Saida akasema, na papo hapo akatamani asingekuwa amesema.

"Mazishi yake!" Ryoba akasema. "Kwenye mazishi yake amelala."

Akaondoka. Saida alibaki na chungio lake. Lile neno lake la foleni, ambalo alikuwa analiona la haki kabisa, lilikuwa limemrudia na uso wa mtu.

Jumapili baada ya ibada tulikusanyika ofisi ya kitongoji: mwenyekiti, mthamini mmoja mwenye miwani, bwana afya, Waisiko na kitenge chake cha kanisani, na Ryoba, kwa kuwa yeye ni mjumbe wa kamati ya makaburi, na tusiseme hapa yeye mwenyewe alikuwa na misalaba mingapi. Imrani akafungua kompyuta ya mapajani juu ya meza.

Picha ilikuwa inatikisika. Watu wachache mno, ua, mihogo nyuma. Kwa mbali ilisikika ngoma ya sherehe ya jirani. Waisiko wa zamani, nywele nyeusi, alikuwa ameketi chini amenyoosha miguu. Waisiko wa sasa alipojiona, akashika ukingo wa meza.

Mwanaume mmoja akamalizia kufukia. Akaweka mawe matatu, akakata kitawi cha mnyaa kwenye uzio, akakichomeka kichwani pa kaburi, akakanyagia udongo kwa kisigino. Kisha akainama, akaongea kwa Kikurya, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto shuka.

"Amesema nini?" mthamini akauliza. Huyo alikuwa mgeni, mtu wa pwani.

Kisha akauliza, "Na huyo mwenye jembe ni nani? Yupo?"

"Ni baba yangu," Ryoba akasema. Sauti yake haikuwa ile ya karasha. "Amesema, lala hapa, mama. Mvua itakukuta."

Imrani alitaka kufunga. Ryoba akanyoosha mkono. "Rudisha hapo."

Akarudisha. Mzee akainama, akaongea, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Rudisha."

Mthamini, ambaye dereva wake alikuwa anapiga honi nje, alivua miwani akaanza kuisafisha, na aliisafisha muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Alipoivaa, akamgeukia Waisiko. "Mama, tumeona. Kesho kabla ya mashine tunamtoa."

Habari kwamba mazishi ya zamani yamerudi kutoka huko yalikokuwa zilienea haraka. Asubuhi yake misalaba kadhaa ya Nyabikondo haikuonekana tena. Wafu wake walikuwa wamefufuka bila kusubiri parapanda.

Jumatatu walichimba penye mnyaa. Kijana wa kibarua alipoinua jembe, Ryoba alilipokea mkononi mwake, akavua koti. Alichimba yeye, polepole, na alipokaribia akaacha jembe akatumia mikono. Hawakukuta mfupa. Bwana afya akaeleza kwamba kwa mtoto wa umri ule, na udongo ule, na miaka ile, ndivyo huwa. Palikuwa na udongo mweusi kidogo kuliko mwingine, urefu wa mkono wa mtu mzima. Basi.

"Ni yeye," Waisiko akasema. Akatandika kitenge, akauchota kwa viganja, wala hakutaka kusaidiwa.

Saida alipiga picha mwanzo mpaka mwisho, kwa kamera iliyookoka kwa kuwa ilikuwa Turwa. Wakaenda eneo jipya kwa gari la Ryoba, Waisiko mbele, kifurushi mapajani. Wakazika, mchungaji akaomba kwa ufupi, jambo ambalo si kawaida yake.

Ryoba akamwendea Saida. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Ndoa yangu ya pili atapiga mtu wa Tarime."

"Sawa, Bwana Ryoba."

"Ile ya mzee na jembe, nitolee. Nitolee nyingi."

"Nitakutolea."

Waisiko alikuwa amebeba kutoka Nyabikondo tawi la ule mnyaa wa zamani, limefungwa kwenye gazeti, maziwa yake yamekauka penye mkato. Mnyaa hauulizi mizizi, ukiuchomeka tu unashika. Akampa Ryoba, na Ryoba akalichomeka kichwani pa kaburi, akakanyagia udongo kwa kisigino, vilevile, bila mtu kumwelekeza. Saida akasogea na kamera.

"Mwanangu," Waisiko akamwita, "na hii ya leo umeituma?"

"Bado, mama. Nikifika penye mtandao."

"Nenda sasa. Chai utaikuta."

Saida akaondoka kuelekea barabarani, simu ameinua juu akitafuta mnara. Ryoba akapangusa vumbi kwenye suruali yake, akarudi kwenye lile tawi alilolichomeka, akavunja kipande kidogo cha pembeni. Akakiviringisha kwenye lile gazeti, akakiweka kwenye kiti cha mbele cha gari, akaenda nacho kwenye kaburi la baba yake.